Ndugu Nassibu Hafungi Kifurushi Bila Jina

Lori la bidhaa lilifika kijijini kwetu wiki tatu kabla ya Krismasi. Tulikuwa kwenye foleni ya sukari tangu alfajiri, na foleni yenyewe ilikuwa ya mawe na makopo, maana kila mtu alikuwa ameweka jiwe lake na kwenda kupalilia. Watu tuliobaki kulinda mawe tulikuwa kama sita. Lakini mlio wa lori ulisikika mpaka mashambani, na kabla dereva hajashuka kila jiwe lilikuwa limepata mwenyewe.

Ndugu Nassibu, muuzaji wa duka la kijiji, alifungua boksi la kwanza. Akatoa kikombe cha bati, cheupe, chenye ua jekundu ubavuni. Akafungua la pili. Kikombe. La tatu, kikombe. Alipofika la sita hakulifungua tena, alilikalia.

"Sukari?" Mzee Silasi aliuliza.

"Vikombe," Nassibu alisema.

"Sasa tutanywa nini ndani yake?"

"Hiyo ni safari nyingine ya lori, mzee wangu."

Ndivyo ilivyokuwa Krismasi ile ya mwaka wa pili tangu tuhamie kijiji cha ujamaa, huku upande wa Nyamuswa. Dukani kulikuwa na chumvi, viberiti, majembe mawili yasiyo na mpini, na vikombe. Mwenye kutaka kumpa mtu zawadi angempa kikombe, na mwenye kupewa alijua toka siku ile kwamba atapewa kikombe. Mama mmoja alimwambia mume wake palepale kwenye foleni, "Asante, mume wangu, nimeshakipokea, usijisumbue." Watu wakacheka, lakini kicheko cha unyonge. Krismasi bila kushtukizwa ni Jumapili tu yenye nyama.

Nassibu alikuwa bado amekaa juu ya boksi. Akasema, "Kikombe ni kikombe. Lakini asijue mpaka afungue. Hiyo niachieni mimi."

Huyu Nassibu mwenyewe hakuwa mtu wa Krismasi. Alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa Musoma mjini, mfupi, mwenye kofia ya mkono iliyotoboka kwa juu, na vidole virefu visivyolingana na mwili wake. Mama yake, Mwanahalima, alikuwaga anauza karanga pale meli zinapofunga gati, na Nassibu akiwa na miaka sita kazi yake ilikuwa kusokota karatasi ziwe kama pembe za kutilia karanga. Alituambiaga kwamba mama yake alipima pembe zake kwa maji. Ikivuja, inafunguliwa na kusokotwa upya. Ndiyo maana hata leo, ukinunua chumvi kwake ukaidondosha njiani, utaokota karatasi na chumvi yako yote ndani.

Baadaye aliandikwa kazi kwenye duka moja la vitambaa mjini. Kila Desemba walikuja wake wa wakubwa kutaka vitu vyao vifungwe kwa karatasi za kung'aa, na Nassibu ndiye aliyefunga. Akagundua jambo moja lililomuuma: karatasi zile zikishachanwa zinatupwa. Basi asubuhi ya tarehe ishirini na sita alizunguka nyuma ya majumba yao, akaziokota, akazipiga pasi ya mkaa kupitia kitambaa chenye unyevu, akazihifadhi chini ya godoro. Mwaka uliofuata aliziuza tena. "Mama mmoja wa Kizungu," alikuwa anasema, "alinunua kwangu karatasi yake mwenyewe. Akaisifu. Akasema mwaka jana alikuwa nayo kama hiyo."

Duka lile lilipofungwa alihamia Bunda, akamwoa Tabu, binti wa fundi cherehani, na mwaka wa kuhamia vijijini wakaletwa huku pamoja na sisi. Kwenye mkutano wa kuchagua muuzaji wa duka la kijiji walisimama watu watatu. Mmoja alijua kusoma sana. Mmoja alikuwa na ndugu wilayani. Nassibu alichukua kipande cha gazeti, akakisokota, akakijaza maji kwenye ndoo ya mwenyekiti, akakishika juu ya kichwa cha mwenyekiti. Halikudondoka tone. Akachaguliwa.

Basi wiki zile tatu duka liligeuka karakana. Karatasi za kung'aa hazikuwepo, na Nassibu alisema hata zingekuwepo asingezitumia, kwa sababu kifungio nacho kiwe na kazi. Alichukua mifuko ya saruji iliyobaki tulipojenga zahanati. Ile karatasi ya nje yenye vumbi aliitupa, ile ya katikati iliyo safi, ya kahawia, akaikung'uta na kuilainisha kwa mikono mpaka ikawa kama kitambaa, nayo baada ya Krismasi ingevalisha madaftari ya watoto. Majani ya mgomba aliyababua juu ya moto mpaka yakalegea, yakakunjika bila kupasuka, na yakishafunguliwa ni ya mbuzi. Kwa mwenye kanga kuukuu alimfundisha kuweka kikombe katikati, kufunga ncha mbili mbili kwa mshazari, na kupata kifurushi chenye mkono wa kubebea. "Zawadi mbili," alisema, "na ya pili ulikuwa nayo tangu zamani."

Tatizo lilikuwa sikio la kikombe. Kila ukikifunga, sikio linajitokeza na kusema, mimi ni kikombe. Nassibu akawa anajaza maganda ya mahindi ubavu wa pili mpaka kifurushi kinakuwa duara, au analifanya sikio kuwa kitu kingine. La Mzee Silasi alilifanya mkia. Alisuka maganda ya mahindi yakawa kuku kamili, shingo, mabawa, mkia juu, kikombe tumboni. Balozi wetu wa nyumba kumi, Lukas, alitaka chake kifanane na chupa ya bia kwa ajili ya shemeji yake, na kikafanana, mpaka mkewe balozi akakinusa.

Ila alikuwa na sharti. Hafungi kifurushi bila jina. Unasimama mezani, unamtajia ni cha nani, na neno moja au mawili kuhusu mtu huyo. "Cha Nyamburi, dada yangu, ana haraka." Basi anamfungia Nyamburi kwa fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja. "Cha bibi yangu, haoni vizuri." Anafunga kwa katani nene ambayo vidole vinaishika. Watu walibishana naye lakini alisema hawezi kumfungia mtu ambaye hamjui, atamfungiaje?

Tabu, mkewe, alikuwa anakaa mlangoni akichambua mchele na kusikiliza yote. "Watu wote wa kata hii wamefungiwa," alisema siku moja, si kwa hasira sana. "Mimi niko nawe mwaka wa tisa, hujawahi kunifungia hata kitunguu."

"Wewe unaishi dukani," Nassibu alimjibu. "Nikufungie nini ambacho hujakiona?"

"Na wao si wameviona vikombe?"

Nassibu akajifanya anatafuta mkasi.

Sasa niseme habari za dada yangu Bhoke, kwa sababu bila yeye nisingeandika haya.

Bhoke alikuwa ameolewa na Machage, mtu wa upande wa Butiama, na tangu mavuno ya pamba alikuwa amerudi nyumbani kwetu. Machage hakuwa mlevi. Hakumpiga. Baba alipomuuliza Bhoke kosa ni nini hasa, alijibu hivi, na mimi nilikuwepo nachambua mboga:

"Haniitagi jina, baba. Ng'ombe wake wote wana majina. Kuna Kibaraza, kuna Twiga, kuna Sikujua, kuna Mama Huruma. Akiingia zizini ni maneno tu, Mama Huruma umelalaje, Sikujua mbona hukula. Akiingia ndani ananyamaza. Mimi ni 'wewe'. Siku nyingine ni 'hee'. Nikizaa nikaitwa mama fulani, sawa, lakini bado sijazaa. Basi mimi ni nani?"

Baba yetu, Luhende, alifikiri kwa muda mrefu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na maumivu ya zamani, na akifikiri anausugua. Akasema, "Krismasi ikipita mtu huyu hajaja kusema lake kwa mdomo wake, wazee watakaa, na ng'ombe wa mahari watarudi walikotoka. Basi." Akatuma neno Butiama.

Bhoke alisema ni sawa. Lakini tangu siku ile kila baiskeli iliyopita njiani aliitazama.

Machage alitokea dukani siku kumi kabla ya Krismasi. Mimi nilikuwa kwenye foleni, nimekaa karibu na jiwe letu. Ni mtu mrefu, mkimya kama nguzo, na alikuja kwa baiskeli safari ya nusu siku kwa sababu duka la kijiji chao lilikuwa limepewa majembe matupu.

"Nataka kikombe," alisema.

"Nikufungie?" Nassibu aliuliza.

"Nifungie."

"Cha nani?"

"Cha mtu."

"Mtu gani?"

"Wa nyumbani."

"Nyumbani kuna watu wengi, ndugu. Mama yako?"

"Hapana."

Foleni ikaanza kumsaidia. "Shangazi!" mama mmoja alisema. "Bibi mzaa mama!" "Au baiskeli, huenda anainunulia baiskeli."

"Yule," Machage alisema, na masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

"Yule ana jina?"

Machage alitazama nje, akatazama ndani. "Analo."

"Basi chukua kikombe chako. Ukilikumbuka jina, urudi."

Akaondoka nacho kikiwa uchi, kimening'inia kwenye usukani, kinagonga kengele njia nzima. Jioni Bhoke aliniuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Dukani kuna nini?"

"Sukari haijaja," nikasema.

Machage alirudi baada ya siku nne. Safari hii Nassibu hakumuuliza jina, alimsogezea kigoda.

"Hata ukilitaja leo sikufungii," alimwambia. "Utafunga mwenyewe. Keti."

"Mimi?" Machage alisema. "Mikono hii?"

"Kwani unataka mikono yangu ndiyo imwendee mkeo?"

Wanawake kwenye foleni wakapiga vigelegele. Sijawahi kuona mtu anateseka vile. Jani la mgomba lilipasuka. Akapewa lingine, nalo akalibabua mpaka likashika moto, Tabu akalikanyaga. Karatasi ya saruji aliikunja vizuri upande mmoja, akahamia upande wa pili, wa kwanza ukafunguka. Sikio la kikombe lilitoboa kila kitu. Mzee Silasi, aliyekuwa amekuja kumkagua kuku wake, alisema, "Huyo kijana anachinja au anafunga?"

"Pole pole," Nassibu alisema. "Geuza sikio lielekee kwako. Sasa jaza maganda. Sasa kunja kama unamfunika mtoto asipigwe baridi. Hapana, huyo mtoto umemziba pua. Anza tena."

Jioni alikuwa na kitu. Hakikuwa duara wala mraba. Kilifanana na kiazi kilichokanyagwa. Nassibu alikizungusha mkononi, akasema, "Kimefungika. Bado kamba. Nikupe katani?"

Machage akatikisa kichwa. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ukanda wa ngozi ya ng'ombe, mwembamba, uliolainika kwa mafuta na kwa kushikwa. Na hapo, hapo ndipo nilipoona jambo. Vidole vyake vilivyokuwa vizito kwenye karatasi vikakimbia. Akazungusha, akapitisha chini, akarudisha juu, akavuta. Fundo likakaa pale dogo na gumu kama kokwa ya tunda. Lilikuwa fundo la kumfungia ng'ombe mkorofi, lile ambalo akilivuta ndiyo linazidi kukaza.

Nassibu alilitazama. Akaligusa kwa kidole.

"Ukanda huu umeutoa wapi?" aliuliza baadaye.

"Ndio uliomfunga Madoa nilipompeleka kwa baba mkwe," Machage alisema. "Ng'ombe wa mahari wa kwanza. Ng'ombe anabaki, kamba inarudi." Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kusema mbele yetu, na alipomtaja Madoa sauti yake ililainika, kama anamtaja ndugu aliyesafiri.

"Na jina la mwenye zawadi?"

Machage aliinama juu ya meza, midomo ikatembea. Halikutoka jina.

"Hilo usinipe mimi," Nassibu akasema. "Lipeleke kwa mwenyewe."

Alipoondoka, Tabu alimgeukia mumewe. "Umeliona lile fundo."

"Nimeliona."

"Halifunguki lile."

"Mimi ni muuzaji wa duka," Nassibu alisema. "Mambo ya ng'ombe siyajui."

Krismasi ilifika na jua kali. Baada ya ibada watu walikaa uwanjani mbele ya kanisa kupeana zawadi, na kila mtu alishika chake, akakipima uzito, akakitikisa sikioni, akasema, "Sijui ni nini!" Mke wa Mzee Silasi alipokea kuku wake mbele ya watu wote. Watoto walimshangilia, mbwa akamnusa. Akachana mkia taratibu, akatazama ndani, akasema, "Jamani, kuku wangu ana sikio," na hatukuweza kukaa kwenye viti. Siku ile vilifunguliwa vikombe zaidi ya thelathini, na kila kimoja kilipigiwa makofi kama hakijawahi kuonekana kikombe duniani. Nassibu alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na kofia yake, akitazama mikono ya watu inavyofungua. Watu wakamwita aje ale. Alikuja, akala wali, akauliza nyama imechinjwa na nani, akaambiwa ni Omari wa buchani, akala na nyama.

Bhoke hakupewa kitu. Alikaa, akacheka na wengine, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Saa tisa hivi Machage akafika kwetu.

Mgeni asiyejua mila za kwetu nimweleze kidogo. Mkwe na mama mkwe hawaonani uso. Wanaheshimiana kwa mbali. Machage akija, Mama anaingia ndani, na Machage anasimama nyuma ya ghala la mtama, mgongo umegeukia nyumba. Na zawadi ya binti aliyerudi kwao haipiti njia ya mkato, inaanzia kwa baba, inafika mikononi mwa mama yake, na mama ndiye anayeifungua na kusema imepokelewa au haikupokelewa.

Baba alipokea kile kiazi, akakigeuza. Akakiingiza ndani. Mama alikaa chini, Bhoke amesimama ukutani amekunja mikono, mimi na wadogo zangu mlangoni.

Mama alijaribu fundo kwa kucha. Akajaribu kwa meno. Akavuta, likakaza. Akavuta upande mwingine, likakaza zaidi. "Mtu huyu ameleta zawadi au ameleta kesi?" alisema, akanyoosha mkono apewe kisu. Nikampa. Akakiweka kwenye ngozi, halafu akasogeza kifurushi kwenye mwanga.

"Hii kamba naijua," alisema.

"Kamba ni kamba," Baba akasema.

"Hapana. Hii ndiyo iliyomleta Madoa. Nilimfungua mimi mwenyewe kwa mkono huu, kamba akarudishiwa." Akaweka kisu chini, mbali na yeye. "Mimi Mama Bhoke nikate kwa kisu kamba ya ng'ombe wa mahari, siku ya leo, mkwe anasikiliza nyuma ya ghala? Hapo tumeshavunja ndoa bila kusema neno. Mimi sikati. Mwambie afungue mwenyewe."

Baba akatoka, anachechemea, mpaka nyuma ya ghala. Tulimsikia. "Anasema ufungue mwenyewe."

"Niletewe," Machage alisema.

Baba akarudi. "Anasema apelekewe."

"Mikono yangu imekishika, sasa kiende kwake kirudi tena? Si nitakuwa nimemrudishia zawadi! Mwambie aseme linavyofunguliwa."

Baba akaenda. Akarudi, anahema. "Anasema uvute ule mkia wa kushoto."

"Kushoto kwa nani?"

Baba akashusha pumzi. Akaenda. "Kushoto kwa nani?"

"Kushoto kwa ng'ombe," Machage alisema.

Baba akarudi. "Kushoto kwa ng'ombe."

Mama alikigeuza kifurushi mara tatu. "Na kichwa cha ng'ombe kiko upande gani?"

Hapo Bhoke aliziba mdomo kwa kanga. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na sikujua kama analia. Baba alitazama mlango, akatazama umbali wa ghala, akatazama mguu wake. Akakaa kwenye kigoda chake na kuunyoosha.

"Mguu wangu umekwisha," alisema. "Sitoki tena hapa mpaka mwaka mpya. Mwenye zawadi aende."

Wote tukamtazama Bhoke.

Mama alisema, "Kiende kwa mkono wake mwenyewe, hapo sijarudisha kitu." Bhoke akakichukua na kutoka, hana haraka, kama mtu anayekwenda kuangalia kama nguo zimekauka. Mimi nikakumbuka kwamba kuku hawajapewa maji. Kibakuli cha kuku kiko ubavuni mwa ghala.

"Fungua," dada yangu alisema.

Machage alikishika. Akavuta, akasukuma, akabana kwa dole gumba. "Limekaza," alisema.

"Umelifunga mwenyewe."

"Nililifunga lisifunguke njiani. Baiskeli inaruka."

"Ndani kuna nini?"

"Kikombe."

Bhoke akacheka, kicheko chake kile cha zamani. "Kila mtu ana kikombe."

"Najua."

"Nani alikifunga vibaya hivi?"

"Mimi. Siku nzima." Akabana tena fundo. "Mzee Silasi aliniuliza kama nachinja."

Kuku walikuwa wamekuja kwenye maji. Nilijaza kibakuli, nikamwaga, nikajaza tena. Bhoke alisimama karibu naye kuliko mwanzo, lakini aliangalia zizi.

"Cha nani?" akauliza.

Machage aligeuza kifurushi mikononi. Kama ungempa jiwe la kusagia alibebe mpaka Bunda angelibeba, lakini hili lilikuwa zito zaidi. Nikafikiri, basi, wazee watakaa.

"Cha Bhoke," akasema.

Alisema chini, kwa koo, kwa sauti ileile ya zizini ya Sikujua mbona hukula.

"Sikusikia," dada yangu akasema.

"Bhoke."

"Upepo huu."

Hapakuwa na upepo. Machage alivuta pumzi mpaka shati likapanda. "BHOKE!"

Kuku walitawanyika. Ndani ya nyumba mfuniko wa chungu ulianguka. Na zizini kwetu, Madoa, ng'ombe wa mahari, ambaye hakuwa ameisikia sauti ile tangu aletwe, aliinua kichwa akalia kwa nguvu, moooo, akaja mbio mpaka kwenye ua na kusukuma miti kwa kifua.

Machage akamgeukia. "Siyo wewe!" akamwambia.

Dada yangu ilibidi ashike ghala.

Waliongea pale kwa muda. Mengine sikuyasikia, kuku walikuwa wameshiba maji. Bhoke aliporudi ndani kifurushi kilikuwa kwapani mwake, fundo lilelile, gumu vilevile.

"Mama," alisema, "fundo limekataa. Tutakwenda kulifungulia nyumbani."

Mama aliokota mfuniko, akaufuta. "Mwambie mkwe zawadi imepokelewa," akamwambia Baba, na Baba, aliyesema hatoki mpaka mwaka mpya, alisimama kwa mguu mzima, akatoka nje akitembea vizuri kabisa. Walipoondoka, kifurushi kilikuwa kimefungwa kwenye keria ya baiskeli na Bhoke amekaa juu yake kiasi, kisidondoke. Madoa aliwasindikiza kwa macho.

Sukari ilikuja mwezi wa pili. Foleni ilikuwa ya watu, siyo ya mawe. Zamu yangu ilipofika, Nassibu alipima, akasokota karatasi bila kuitazama.

"Kile cha Butiama kimefunguliwa?" aliuliza.

Nilikuwa nimetoka kuwatembelea. "Bado," nikasema. "Kimening'inia darini. Chai walininywesha kwa kibuyu. Dada anasema wanangoja sukari."

"Na fundo?"

"Shemeji anasema analijua, ila anasahau kichwa cha ng'ombe kilikuwa upande gani. Kila akisahau, Bhoke anamwita, na yeye anamwita Bhoke, wanabishana."

Nassibu alicheka mpaka kofia ikamwangukia kwenye mizani. Halafu akasokota pembe ya pili, ndogo, akaitia sukari, akanipa. "Ya Bhoke," alisema. "Mwambie asiifungue na yenyewe."

"Kata nzima," Tabu alisema kutoka mlangoni, macho kwenye ungo wake. "Sasa na Butiama."

Nassibu aliweka mizani kando. Akainama chini ya meza, akatoa kitunguu kimoja, chekundu. Akachukua karatasi ya saruji, ile safi ya katikati, akakikunja pande nne, akasokota juu, akafunga kwa uzi wa katani, mkia mmoja mfupi, mmoja mrefu. Akazunguka meza, akamwekea mkewe juu ya mchele.

Tabu alikitazama. Hakukigusa.

"Cha nani?" akasema.